Chupa Kumi za Sebuleni

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha mazoezi, mkono wako mmoja umeulaza mapajani na mwingine unaushikilia, kama mtoto wa jirani ambaye mama yake amesema anarudi sasa hivi. Nimekaa hapo. Najua unavyouangalia. Najua pia kwamba watu wamekuambia subira mpaka neno lenyewe limekuchosha. Mimi sitakuambia subira. Nitakusimulia habari za mchezo mmoja wa kwenye televisheni, na sinia moja la bati lililokuwa limetundikwa ukutani nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo. Kupona kwangu, kwa kadiri nilivyopona, kulipita katikati ya vitu hivyo viwili.

Naitwa Salha. Natunga riwaya. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Dar es Salaam, na kiharusi kilinikuta asubuhi moja ya kaskazi, joto limeshapanda kabla jua halijasimama vizuri, nikijimiminia chai. Nilikiona kikombe kinakwenda chini kabla sijahisi kwamba nimekiachia. Baada ya hapo ilipita miezi mingi mkono wangu wa kulia usiachie kitu kingine chochote. Nikataka kumwita mwenye nyumba. Sauti iliyonitoka ilikuwa ni irabu tupu.

Hospitali sitakusimulia mashine zake. Nakumbuka korido. Mama alifika siku ileile kutoka Bagamoyo akiwa na khanga mbili, chupa ya chai na mfuko wa ndimu. Mpaka leo tunamuuliza ndimu zilikuwa za nini, naye anajibu kwamba alichukua kilichokuwa karibu na mlango. Akatandika khanga moja sakafuni, pamoja na wanawake wengine wenye wagonjwa wao, na haukupita muda korido ile ikawa nyumba: huyu analinda mikoba, huyu anafuata maji, huyu anaswali, yule anagawa chapati. Alikuwepo mama mmoja wa Saadani, mumewe amelazwa wodi ya pili. Kila asubuhi, muuguzi akishanichoma sindano na kuondoka, aliingia akanichana nywele. Mimi nilikuwa nageuzia uso ukutani maana upande wa kulia ulikuwa umeshuka, na mate yalinitoka bila mimi kujua. Yeye hakuwa na habari na uso wangu.

"Nywele hazijaugua, mwanangu," alisema. "Hizi tuzitunze."

Sikumjua jina. Nimeandika vitabu viwili vyenye watu wengi ndani yake, na sijawahi kutunga mtu wa kumfikia.

Mkono kwanza ulikuwa laini. Ulining'inia tu, hauna ubishi. Kisha, wiki zilivyokwenda, ukaanza kujikunja wenyewe: kiwiko kikapanda, kifundo kikainama, vidole vikafunga ngumi, na ngumi ile haikuwa yangu. Kucha ziliniingia kiganjani. Na kiganja kisichopata hewa kinatoa harufu. Hakuna aliyeniambia jambo hilo, nikadhani ni mimi peke yangu ninayeoza, ndiyo maana nakuambia wewe. Mama alipasha mafuta ya nazi, akakaa nami kitandani, akafungua kidole kimoja kimoja polepole, kama mtu anayemtoa usingizini mtoto mkali. Akasafisha, akakausha, akaweka kitambaa laini ndani. Akimaliza, vidole vikajifunga juu ya kitambaa.

Tulirudi Bagamoyo masika yanaanza, maneno yameshanirudia, mkono bado.

Hapa lazima nikueleze tunavyokula kwetu. Tunakula mkekani, sinia moja, kila mtu na upande wake. Baba yangu ni dalali wa samaki mnadani, mtu ambaye sauti yake inasikika kabla yeye hajaonekana. Lakini akikaa kula haongei. Samaki huwekwa upande wake. Tangu tukiwa wadogo, mimi na mdogo wangu Kassim, kazi yake ilikuwa kuchambua mifupa na kutusogezea minofu kwa ncha za vidole, huku anatazama kwingine kabisa, kana kwamba minofu inatembea yenyewe. Baba hajawahi kunitamkia kwamba ananipenda. Nilijua kwa mnofu wa samaki changu uliosimama mbele yangu kwenye wali.

Ijumaa ya kwanza tangu nirudi, Mama alipika wali wa nazi. Tangu hospitali sikuwa nimesikia njaa, na siku ile nikaisikia. Harufu ilinivuta. Nikakaa mkekani, nikaegemea ukuta, na bila kufikiri lolote nikapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia.

Macho ya Baba yalikuwa kwenye samaki. Akasema, kwa sauti ileile aliyotulea nayo:

"Salha. Mkono huo?"

Halafu akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Mnofu uliokuwa vidoleni mwake ukabaki hapo hapo, hauendi kwangu wala haurudi.

"Baba Salha!" Mama akasema.

Kassim aliacha kutafuna. Mimi niliurudisha mkono wangu mapajani, nikaufuta kwenye khanga ingawa haukuwa umegusa chochote.

Mtu aliyelelewa pwani atanielewa. Kabla hujafundishwa alifu, unafundishwa mkono: wa kulia ni wa chakula, wa salamu, wa kupokea na kutoa; wa kushoto ni wa chooni. Baba alikuwa ametuambia maneno yale tangu tunatambaa, na yalimtoka kama pumzi. Sote tulijua pia kwamba mwenye udhuru hana lawama. Baba mwenyewe alikuja kulisema kesho yake, amesimama mlangoni mwa chumba changu, anatazama dari.

"Dini haimbebeshi mgonjwa asichoweza."

"Najua, Baba."

"Basi njoo ule."

"Nimeshiba, Baba."

Sheria haikunikataza. Nilichokiona kwenye uso wake ndicho kilichonikataza. Kuanzia siku hiyo nilikula chumbani, kijiko mkono wa kushoto, mlango umefungwa. Baba naye akaanza kula hukohuko mnadani kwa mama ntilie. Alisema kazi zimekuwa nyingi. Mama na Kassim walikula jikoni kwenye sahani. Sinia lilioshwa, likatundikwa kwenye msumari wake, na halikushushwa kwa miezi mingi.

Marafiki wa Dar walinipigia simu kuuliza lini nitaandika. Niliwajibu walichotaka kusikia. Ukweli ni kwamba sikuwa nataka kuandika. Nilitaka kurudi kwenye sinia, nikae kati ya watu wangu, nile kwa mkono wa kulia, na asiwepo wa kunitazama. Basi.

Masika yote nilikwenda mazoezi Jumatatu na Alhamisi. Bajaji ilinishusha kwenye tope la getini, Mama akanishika kiunoni, tukaingia kusubiri. Benchi lile linavuja hadithi. Siku moja mzee aliyekaa pembeni yangu, amevaa kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka imepauka, akanitazama mguu, akanitazama mkono.

"Wewe upande gani?" akauliza.

"Kulia. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi kushoto." Akafikiri kidogo. "Basi mimi na wewe tukiunganishwa anapatikana mtu mmoja mzima."

Nilicheka upande mmoja wa mdomo, na yeye akacheka upande wa pili. Mama akageuka kando, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Aliyenishughulikia aliitwa Dada Neema, msichana mwembamba mwenye mikono ya mkulima. Alinipa vikopo vya plastiki nivishike na kuvihamisha.

"Finya," alisema. Nikafinya. "Haya, achia."

Nikauambia mkono uachie. Niliuambia kwa moyo wote. Kikopo kikazidi kubonyea.

"Unaona, Salha? Kushika hujasahau. Umesahau kuachia." Akakitoa kikopo vidoleni mwangu taratibu. "Nenda nyumbani katafute kitu cha kushika na kuachia ambacho utakipenda. Hivi vikopo vyangu umeshavichukia, nakuona usoni."

Nyumbani nililisema hilo kama kichekesho. Kassim hakucheka. Yeye anatengeneza simu kwenye kibanda chake karibu na stendi, na ana marafiki wanaouza vifaa vya umeme vya mtumba. Kusi lilipoanza kuvuma, jioni zikawa na baridi kidogo, akaja na boksi lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na mashine nyeupe ya gemu iliyoingia manjano kama jino la mvuta sigara, na rimoti mbili zenye mikanda ya kufunga mkononi.

"Hii haichezwi kwa vidole gumba kama zile za vibandani," alisema. "Unacheza kwa mkono mzima. Rimoti inajua mkono ulipo."

Mchezo wenyewe ni ule wa kuviringisha mpira mzito kwenye ubao mrefu, mbele kuna vigingi kumi vyeupe, unaviangusha. Bolingi. Sisi hatujawahi kuuona kwa macho, si Bagamoyo wala kwingine. Mama alivitazama vile vigingi kwenye kioo vyenye shingo nyembamba na tumbo nene.

"Hizo chupa zimewakosea nini?" akauliza.

Tangu hapo zikawa chupa.

Kulikuwa na kasoro moja. Kijiti kinachokaa juu ya televisheni, ambacho rimoti hukitafuta ijue imeelekezwa wapi, kilikuwa kimekufa. Kassim alihangaika nacho siku nzima, akashindwa, kisha akasoma mahali kwenye simu yake kwamba mishumaa miwili inatosha. Akachukua vikombe viwili, akasimamisha mshumaa ndani ya kila kimoja, akaviweka kushoto na kulia kwa televisheni, akawasha. Rimoti ikaona. Lakini upepo wa kusi ulikuwa unazima mishumaa, ikabidi tufunge madirisha na kushusha mapazia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukicheza, kila siku baada ya alasiri, kwenye giza la kujitakia, na miali miwili mbele yetu.

Kassim alitutengenezea watu wetu, maana kila mchezaji ana mtu wake mdogo ndani ya kioo. Wa Mama alikuwa na gauni la kijani na nywele wazi.

"Huyu kichwa wazi ndiyo mimi? Mvalishe."

"Mama, hawana ushungi humu."

"Watu wana mashine inayojua mkono ulipo, wakakosa kipande cha kitambaa?"

Akakubali shingo upande. Kisha akarusha mara moja, chupa saba zikaanguka, na sijawahi kuona mtu akizama namna ile. Mama yangu, aliyekuwa hajakaa chini tangu kaskazi, aliyenibeba chooni na kunikanda na kulala kwa jicho moja, alianza kuniambia, "Ngoja kwanza, uji utapoa wenyewe," huku ameishika rimoti. Alisema bismillahi kwa kila mpira. Akikosa, alisogea mbele hatua moja pale Kassim alipogeuka, kana kwamba ubao utafupika.

Zamu yangu ikawa jambo jingine. Mchezo unataka ubonyeze kitufe cha chini kwa kidole cha shahada, urudishe mkono nyuma, uulete mbele, na ukifika mbele uachie kitufe. Ukiachia, mpira unatoka. Kassim alinifunga mkanda, akanipangia vidole. Kubonyeza hakukuwa na shida. Mkono wangu ulikuwa unabonyeza hata usingizini. Niliupeleka nyuma kwa kuusukuma na bega, nikauleta mbele. Salha mdogo wa kwenye kioo, mwenye gauni jekundu, akafanya vilevile. Kisha akabaki ameubeba mpira. Akaurudisha kifuani. Akasubiri.

"Tena," alisema Kassim.

Akasubiri tena. Nyuma yake watu wadogo walikaa kwenye viti wakimtazama, na chupa kumi zilisimama kule mwisho, nyeupe, hazina hata moja iliyotikisika. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mimi. Nikamwambia Kassim anifungue.

Siku ya pili nilirudi. Kwa nini, sijui. Labda kwa kuwa yule wa kwenye kioo hakuchoka wala hakunitazama kwa huruma. Alisimama tu na mpira wake.

Kusi lote lilikwenda hivyo. Mpira haukutoka, lakini mambo mengine yalianza kusogea pembeni bila kunitaarifu. Dada Neema aliuinua mkono wangu siku moja, akashangaa. "Bega hili limepata wapi ruhusa?" Kiwiko kikalegea. Mdomo ukanyooka kiasi cha kunywa chai bila kitambaa. Umeme ukikatika, Mama hakuniachia nipumzike. Alisimama mbele ya kioo cheusi, akaniambia, "Rusha, mimi nitakuhesabia."

Nikarusha.

"Nane," akasema.

"Mbona nane?"

"Mbili zimeyumba zikakataa."

Jirani yetu Bi Mwanahawa ndiye aliyeharibu, na ndiye aliyetengeneza. Alikuja kuazima kinu, akapiga hodi, hatukumsikia, akasukuma mlango. Alichokiona ni hiki: mapazia yamefungwa mchana, mishumaa miwili inawaka, mgonjwa amesimama katikati amefungwa kitu mkononi, anayumba mbele na nyuma, na mama yake yuko nyuma anapiga makofi na kulia, "Utoke! Utoke leo!" Bi Mwanahawa aliurudisha mlango kwa adabu zote. Kinu hakuazima.

Habari zilimfikia Baba mnadani kabla ya magharibi: nyumbani kwake wanampungia binti pepo. Alikuja na magamba ya samaki bado yako kwenye mikono ya shati.

"Mganga yuko wapi?" akauliza mlangoni. "Nani kamwingiza mganga nyumbani kwangu?"

Alitazama mishumaa. Akatazama kioo, ambamo mwanamke wa gauni la kijani alikuwa anashangilia chupa tisa.

"Huyo nani?"

"Mimi," alisema Mama. "Kichwa wazi, lakini mimi."

Kassim akamweleza, maneno yanakimbizana. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mama, sijui alitoa wapi ujasiri, akamkabidhi rimoti. "Jaribu basi, dalali. Tuone."

Baba aliishika kama anavyoshika mkia wa jodari, akauvuta mkono nyuma kwa nguvu zote, na akaachia hapohapo nyuma. Mpira ukaruka kuelekea kwa watazamaji. Watu wadogo wote wakaruka juu kwa hofu. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, khanga mdomoni. Baba alisimama ameduwaa, akiwatazama wale watu kana kwamba anatafuta wa kumwomba radhi.

"Zamu ya nani sasa?" akauliza.

Ilikuwa yangu. Sikutaka, mbele yake. Kassim akanifunga mkanda kabla sijasema. Nikarudisha mkono, nikauleta. Salha mdogo akabaki na mpira. Nikarudia. Akabaki nao. Baba alitazama kioo, kisha akautazama mkono wangu, vile vidole vilivyokuwa vyeupe kwenye maungio kwa kung'ang'ania. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa kwamba mkono wangu haukulala. Ulikuwa unafanya kazi mchana na usiku, kazi isiyotakiwa. Alitoka kwenda kunawa.

Kesho yake alasiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma. Na keshokutwa. Siku ya tatu au ya nne, Mama alipoangusha chupa sita, sauti ikapanda nyuma yetu, ile ya mnadani, ambayo haijawahi kuingia ndani ya nyumba:

"Sita! Sita hapa, sita mbichi, za leo! Nani ataniongezea saba? Saba nani?"

Kassim akapiga saba. "Saba kwa kijana! Nane iko wapi?" Ikawa hivyo kila siku. Zamu yangu ikifika alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa na adabu ya mtu anayesubiri chombo kiegeshwe.

Mpira ulitoka siku za mwanzo za vuli, mvua ya kwanza inapiga bati. Sikufanya jambo lolote jipya, na ningependa kukupa siri lakini sina. Nilirudisha mkono, nikauleta, na katika kuuleta kidole cha shahada kikachoka kung'ang'ania. Ndivyo nilivyosikia: uchovu, mtamu, kwenye kidole kimoja. Mpira ukadondoka ubaoni, ukaenda polepole ukiyumba, ukateleza mtaroni. Haukugusa hata chupa moja.

Nilisikia mvua. Kisha Mama akapiga vigelegele, virefu, vya harusi, na Baba amesimama juu ya kiti chake:

"Sifuri! Sifuri ya Salha! Haiuzwi hii! Haiuzwi!"

Bi Mwanahawa alikuja anakimbia kwenye mvua, upande wa khanga kichwani. "Nani kaposwa?"

"Mkono," alisema Mama, huku anajifuta macho.

Nisikudanganye. Sijawa kama zamani. Vifungo vya gauni vinanishinda, kalamu inanitoka, na haya unayosoma nimeyaandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mkono ulionisitiri mwaka mzima na ambao sasa nauheshimu. Asubuhi za baridi ngumi inarudi. Mama bado anapasha mafuta. Ukiwa kwenye benchi lile na mpira wako haujatoka, sijui kama utatoka. Ninachojua ni kwamba mambo mengine yanasogea pembeni wakati unausubiri, na yahesabu hayo pia.

Ijumaa moja ya vuli hiyohiyo, Baba alirudi kutoka msikitini, hakwenda mnadani. Alikwenda ukutani, akalishusha sinia kutoka kwenye msumari, akalipuliza vumbi, akampelekea Mama jikoni. Mama akapakua. Kassim akatandika mkeka. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba changu, nimeshika kijiko.

"Njoo ukae hapa," alisema Baba, akapiga mkeka upande wake wa kulia. Kisha, macho yake yakiwa kwenye samaki, sauti imeshuka mpaka karibu isisikike: "Mkono wowote, mwanangu. Siku ile nilisema vibaya. Kula kwa mkono wowote."

Niliweka kijiko chini. Nikakaa. Nikapeleka mkono wa kulia.

Vidole vilifunguka nusu, vikaingia kwenye wali, vikafunga. Hiyo ilikuwa rahisi. Niliuinua kwa bega, kwa kiwiko, mpaka mdomoni, na hapo ukakwama, ngumi yenye wali mbele ya meno yangu, imekataa. Wote walikuwa wametazama pande zao za sinia kwa bidii ya ajabu. Nilisikia mvuke wa nazi puani. Nilimsikia Mama ananong'ona, hata hajui kama ananong'ona, "Utoke, utoke."

Kidole cha shahada kilichoka kwanza. Vingine vikafuata. Wali ukaingia mdomoni, na mwingine ukanimwagikia kifuani na mapajani, mweupe juu ya khanga.

Hakuna aliyesogea. Kisha mnofu wa changu, usio na mfupa hata mmoja, ukaja ukasimama mbele yangu, na Baba, anatazama kwingine kabisa, akasema kwa sauti ya mnadani, ndogo kiasi cha kutosha mkeka mmoja:

"Sita. Sita hapa, mbichi, za leo. Saba nani?"

Nikameza. Nikaupeleka tena mkono kwenye sinia.